Mpira Uliowekwa Mbegu

Ihanda,
15 Mei 2011

Kocha Getruda, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Mpira haukuibwa. Mpira ninao mimi.

Basi nimeandika, na radi haijanipiga, kwa hiyo naendelea.

Barua hii niliianza kwa Kiingereza, ili mtu akiiokota asielewe. Unajua nilianza shule Nakonde, upande wa Zambia, kwa mama, kule ukikosea Kiingereza unachekwa. Nilipoletwa huku kwa Bibi nikachekwa kwa Kiswahili changu. Nikajifunza kunyamaza kwa lugha zote mbili. Lakini nilipoandika kwa Kiingereza ikakaa kama ripoti, kama si mimi niliyefanya. Nikaichana.

Unakumbuka siku ya kufunga mradi, Desemba? Wageni walikuja na gari jeupe, kila aliyesimama akasema neno uendelevu, mpaka watoto wadogo wakaanza kuliimba. Yule mgeni mrefu akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa namjibu kwa lugha yake: uendelevu maana yake nini kwa wasichana wa Ihanda? Nikasema ni kutunza vifaa. Watu wakapiga makofi. Na wewe palepale ukanikabidhi ufunguo wa sanduku. Kocha, sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu. Uwanjani nilikuwa mchezaji wa akiba.

Ulituachia mipira kumi ya pete. Kufika Februari ulibaki mmoja. Mingine ilikwenda kwenye miiba ya uzio, mmoja ulikanyagwa na tela la trekta, mingine wavulana waliazima, na unajua wavulana wakiazima. Huo mmoja kila ukigusa ardhi mimi naumia. Nilikuwa nautazama kama mgonjwa. Jioni moja nikauchukua.

Unajua mbegu kwetu inavyowekwa. Mahindi mazuri, yale marefu yenye mistari iliyonyooka, hayaliwi hata njaa ikiwepo. Yanapandishwa kwenye kichanja juu ya mafiga, moshi unayafanya meusi, na mdudu hayagusi mpaka mvua ya Novemba. Nikasema ndivyo mpira utakavyodumu. Nikautia ndani ya gunia, nikaupandisha kichanjani nyuma ya mahindi yaliyobaki. Nilisema nitautoa ukija mradi mwingine.

Sikusema uongo, Kocha. Nilinyamaza tu. Nilipofungua sanduku mbele ya wenzangu likawa tupu, Ketrina akasema, "Bawaba si imelegea? Jana Mayala alikuwa anapitapita hapa na ng'ombe." Mwingine akasema, "Hao watu wa ng'ombe leo wapo, kesho hawapo, utawatafuta wapi?" Mimi nimeshika ufunguo, nimenyamaza.

Mayala ni kaka yake Elizabeti, mfungaji wetu. Yule anayewalimia watu hapa kwa maksai wao, hata shamba la Bibi alilima yeye. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kwao. Baba yao, Mzee Bugalama, hakubishana. Alitoa kila kitu nje, vyungu, nguo, mpaka matandiko ya mke wake, akavitandaza uani watu watazame. Nilikuwepo, Kocha. Nilitazama matandiko ya mama wa watu nikijua mpira uko wapi.

Kesho yake Elizabeti alikuja uwanjani, akavua ile fulana yenye herufi za mfungaji, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya sanduku. Akasema, "Mkiupata msinitafute." Tangu siku hiyo hatujacheza. Na sasa nasikia wanahamia Kamsamba.

Nifanyeje? Usimwambie mtu. Ningepiga simu kutoka dukani, lakini pale watu wanapanga foleni nyuma yako wanasikiliza.

Nasikia kandambili za Bibi, anakuja. Naificha barua hii chini ya gunia la maharage.

Fides Nzunda


Mkwajuni,
3 Juni 2011

Mwanangu Fides, marahaba.

Barua yako imelala wiki mbili kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye duka ndiye anayetuchukulia barua, na hii aliisahau ndani ya boksi la cheni. Kwa hiyo nikichelewa usidhani nilikuwa natafuta maneno.

Sitakugombeza. Najua ungependa nikugombeze, ili liishe.

Ngoja nikupe la kwangu kwanza. Kwenye ripoti ya mwisho kulikuwa na swali: ufadhili ukiisha, nani ataendeleza? Nikaandika, jamii. Jamii, Fides! Kana kwamba ni mtu, ana jina, anakaa nyumba ya tatu kutoka kisimani. Nilijaza ukurasa mzima, na hakuna jina la mtoto hata mmoja.

Ninyi mlikuwa mnacheza saa kumi kwa sababu mimi nilikuwa napita nyumba kwa nyumba saa nane, nawabembeleza mama zenu. "Mama, nipe huyu saa moja tu." Wengine walikubali kwa kuionea haya fulana yangu yenye nembo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Nilipoondoka kazi hiyo sikumwachia mtu. Nilikuachia wewe kufuli.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza: kahawa imeiva huko, wasichana wanatoka shambani saa ngapi? Mlikuwa mnacheza kweli mwezi huu, hata mpira ungekuwepo? La pili: Bibi yako anapika chini ya kichanja hicho asubuhi na jioni. Una hakika hajui?

Nenda kwa Elizabeti kabla hawajahama. Usiandike, nenda. Nilikuambia mara mia uwanjani: unajua kudaka, lakini mpira usiouomba hupewi. Unasimama kona na mikono mbele kama mtu anayengoja kunawishwa. Omba kwa sauti.

Hapa watoto wakitoka shule wanakwenda kuosha mchanga wa dhahabu. Nimepata wanne. Safari hii naanza na mama zao.

Kocha wako,
Getruda


Ihanda,
19 Juni 2011

Mpendwa Elizabeti,

Salamu nyingi. Natumaini mlifika salama na ng'ombe wote. Mimi ni mzima ila mafua, unajua baridi ya Juni ya huku kwetu. Asubuhi umande unalowesha mpaka magotini.

Nilikuja kwenu Jumatano nikakuta mmeshaondoka. Palikuwa na majivu na kamba moja ya ndama. Kamba nimeitunza.

Kahawa mwaka huu imebeba sana, matawi yameinama. Bibi na mimi tuko wawili tu, tunachuma mpaka giza. Ketrina naye kwao hivyohivyo. Shuleni tuna mitihani. Redio inasema mvua za mwaka huu zitachelewa.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Fides

N.B. Mpira umepatikana. Haukuibwa na mtu. Msalimie Mayala.


Kamsamba,
2 Julai 2011

We Fides,

Barua yako imejaa hali ya hewa kama redio yenyewe, halafu jambo lenye uzito umelitupa mkiani! Mpira umepatikana? Wapi? Nani kaupata? "Haukuibwa na mtu" ndiyo nini, ulitembea wenyewe?

Nilimsomea Mayala. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma mara tatu. Akaondoka akaenda kwa ng'ombe, ila niliona mgongo wake umenyooka. Mama alipiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Baba alisubiri majirani waondoke. Baadaye akaniuliza, "Mwenyekiti ameandika?" Nikasema hapana, ni Fides. Akasema, "Ahaa." Unamjua Baba. Ile ahaa haijaisha mpaka leo.

Na usijiumize roho, hatukuhama kwa ajili ya mpira. Baba alishasema tangu Krismasi kwamba Ihanda majani hayatoshi, mashamba yamejaa kahawa. Tungehama tu. Ila mtu anayehama hupenda kuagwa, Fides. Tulipakia tangu alfajiri mpaka saa nne. Hakuna aliyekuja.

Tuyaache. Sikiliza ya huku. Joto la Kamsamba linakausha hata mate. Lakini nina timu! Nilichukua ndoo iliyotoboka, nikakata mdomo wake, nikaufunga kwenye mti wa zizi. Mpira ni matambara na mifuko ya plastiki, nimeukaza kwa kamba ya katani. Haudundi, na nani anahitaji udunde? Si mnarushiana tu? Mpira wa miguu ndio wenye madai. Kufunga goli na hicho kitu ni kazi, nikirudi huko nitawanyoosha.

Tuko tisa. Mwanzo mama zao walikataa. Maji bado, mpunga haujapepetwa, mchezo wa nini? Nikasema haya. Leo wote tisa tunapepeta kwa mwenzetu Makene, kesho wote tisa kwa jirani yake, kesho kutwa kwetu. Kazi ya kutwa nzima inakwisha saa tisa, tunaimba. Sasa kina mama ndio wanaotukimbiza: "Nyie timu, kwangu mnakuja lini?" Mzee mmoja akanisimamisha, "Binti, huu mradi wa nani?" Nikamwambia, wa jioni, mzee.

Hebu niandikie nani alikuwa nao. Mayala anauliza kila siku. Kama ni yule aliyemtaja, mwambie tumesamehe, ila aseme.

Rafiki yako,
Elizabeti Bugalama


Ihanda,
12 Julai 2011

Elizabeti,

Ulikuwa kwangu.

Nimeandika maneno mawili hayo nikakaa, mpaka uji wangu ukaota ngozi. Mpira nilikuwa nao mimi tangu Februari. Niliupandisha kichanjani kwa Bibi, juu ya moto, kama mbegu, ili usiishe. Sikutaka kuuza, sikutaka kucheza peke yangu. Nilitaka tu ubaki. Ketrina alipomtaja Mayala nilikuwa na ufunguo mkononi na mdomo wangu haukufunguka. Mzee alipotandaza matandiko nilikuwa nimesimama nyuma ya yule mtu mwembamba anayeuza chumvi, nimejibanza, nakuona unavyomshika mama yako mkono.

Barua ya kwanza nilitaka kukwambia. Nilizunguka na baridi na kahawa mpaka karatasi ikaisha. Ndivyo nilivyo.

Kuna lingine. Jumapili Bibi alianza kuchambua mahindi ya mbegu, nikajua atapanda juu kichanjani. Nikawahi kuuteremsha. Elizabeti, umekufa. Ile ngozi ya juu imekuwa ngumu kama gome, ina nyufa, inanata, inanuka moshi. Nilipoubonyeza ukatoa hewa kidogo, kama mzee anayekohoa, ukakaa hivyohivyo umebonyea. Miezi mitano nimewanyima watu mpira ili nije kuupata huo.

Nilikuwa nimeushika hivyo Bibi akaingia. Nikaurudisha nyuma ya mgongo. Akasema, "Unaficha nini? Mimi nilishauona tangu Machi."

"Bibi, mbona hukusema?"

"Mimi nitasemaje, na wewe ni wa kwangu? Nilisikia watu wanasema Mayala, nikajua wewe utasema. Leo nikasema kesho atasema. Kesho nikasema kesho. Na mimi nina makosa, nilikuwa nakulinda." Akauchukua, akaugeuza, akaunusa. "Na nani alikufundisha kuweka mbegu moja? Mbegu haiwekwi moja. Nyingine unampa jirani apande. Yako ikiliwa na panya unakwenda kwake unasema, nirudishie. Hii umeiweka peke yake, haya, itazaa nini?"

Halafu akanituma kuni, kama siku yoyote.

Sijui niseme nini tena. Nisamehe ni neno dogo na nimelichelewesha. Mwambie Mayala. Au usimwambie, nitamwandikia mwenyewe. Au fanya unavyoona.

Fides


Kamsamba,
24 Julai 2011

Fides,

Nilimsomea Mayala kabla sijaipitia mwenyewe, nikidhani ni habari njema. Kwa hiyo alijua wakati mmoja na mimi.

Nimeandika barua tatu, nimezitia motoni. Hii ni fupi.

Aliyemtaja Mayala hakujua. Wewe ulijua. Mimi nilikuwa nakuita rafiki yangu msomi.

Huna haja ya kutuandikia sisi. Sisi tulikuwa tunajua toka mwanzo kwamba hatukuiba. Nenda ukasimame pale uani kwetu, pale matandiko ya mama yangu yalipowekwa, watu walewale wawepo, na mwenyekiti awepo. Useme kwa mdomo. Uwanjani huwa huombi mpira. Safari hii utaomba.

Usiniandikie mpaka uwe umefanya.

Elizabeti


Ihanda,
3 Septemba 2011

Kocha Getruda, shikamoo.

Nimekaa kimya miezi mitatu. Nilijiapia nikikuandikia tena niwe na la kukwambia.

Nilisema, Kocha. Jumapili ya mwisho ya Julai, baada ya misa. Kwanza nilikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Fanueli. Nikamweleza mlangoni, hata kukaa sikukaa. Akauliza, "Nani amekutuma?" Nikasema Elizabeti. Akasema, "Amekutuma vizuri," akavaa koti lake.

Nyumba ya kina Bugalama bado haijaanguka, nyasi tu zimeota uani. Watu walikuja wengi kuliko siku ile, maana ilivuma kwamba mwizi amepatikana. Nikasimama pale pale na mpira mkononi. Nikasema. Sauti ikatoka kama ya kifaranga. Mama Ketrina akaita kutoka nyuma, "Mtoto, huku hatusikii!" Ikabidi nirudie tangu mwanzo, kwa sauti. Kocha, kusema mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa. Mara ya pili ndiyo iliyonitoa machozi.

Nilipofika kwenye kichanja wakaanza kucheka. "Ameuweka mbegu!" "Basi Novemba tuupande, tuvune kumi!" Mwingine akasema, "Upande karibu na choo, utaota haraka." Nilikuwa nalia huku karibu nicheke na mimi. Lakini Mzee Fanueli hakucheka, na watu walipomwona hacheki wakaacha mmojammoja.

Akasema, "Siku ile Bugalama alinipa kiti. Anatoa vyombo vyake nje, na mimi nimekaa juu ya kiti chake." Akanigeukia. "Huyu ni mtoto, aliogopa. Mimi niliogopa nini?"

Ketrina akatoka kati ya watu akasimama ubavuni kwangu. Akasema kwa sauti ile yake ya kufokea mbuzi, "Mimi ndiye niliyemtaja. Fides alinyamaza, mimi nilisema." Halafu akaninong'oneza, "Ila na wewe, kichanjani kweli?"

Mzee Fanueli aliandika barua, akaigonga muhuri. Wakamwambia ampe dereva wa lori la mpunga. Akasema muhuri haurudishi ndani matandiko ya mama wa watu, ataipeleka mwenyewe. Alikwenda. Alikaa Kamsamba siku mbili. Aliporudi tulimwuliza Mzee Bugalama alisema nini. Akasema, "Alinipa kiti."

Uliniuliza wasichana wanatoka shambani saa ngapi. Sikukujibu kwa sababu jibu lilinitia aibu. Walikuwa wanatoka usiku umeingia. Hata mpira ungekuwepo tusingecheza, na mimi nilikuwa najidanganya kwamba ninatunza kitu.

Basi tukafanya kama Elizabeti alivyoniandikia wanavyofanya huko Kamsamba: kazi za kina mama kwanza, wote pamoja, ndipo mchezo. Niliwaambia wenzangu wazi kwamba akili si yangu, ni yake. Nilikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba saa nane, Kocha, kama wewe, ila bila fulana. Kwa Mama Ketrina nilisimama nje nusu saa kabla ya kubisha hodi. Nikasema, "Mama, tuko kumi na mmoja. Tutachuma kahawa yako kesho mpaka saa tisa. Halafu tutamwomba Ketrina kwa saa moja." Akasema, "Mkinivunjia matawi nitawavunja ninyi." Tulichuma magunia ambayo yeye na Ketrina huchuma siku nne. Kesho yake akaja kutuangalia tukicheza, akasimama na mikono kiunoni. Akasema mpira wetu unafanana na kitambi cha mume wake.

Ndiyo, ni wa matambara. Tuna mitatu, na kila mmoja unalala nyumba tofauti. Ketrina ana mmoja, mwenzetu Witness mmoja, wa tatu unazunguka. Ukioza mmoja tunafunga mwingine, tunashindana nani anakaza vizuri. Ule wa zamani tumeutia katikati ya huu tunaochezea, Bibi alisema usitupwe, kwa hiyo ukirushwa bado unanuka moshi. Sanduku tumeligeuza, mchezaji wa akiba anakalia. Ufunguo sijui uko wapi. Kweli sijui.

Mgeni yule akirudi na gari jeupe na kuniuliza tena, sina jibu la kupigiwa makofi. Ningemwambia tu aje shambani kwa kina Witness Jumanne, atukute tunachuma.

Sasa la leo. Elizabeti hakuniandikia tena. Nilimwandikia kwamba nimefanya, kimya. Wiki tano. Halafu juzi dereva wa lori akasimama dukani akapiga kelele, "Nani anaitwa Fides? Umeambiwa hivi: Jumamosi tunakuja tisa. Muandae uji, na mpike viazi, hawa wanakula." Nikamwuliza, "Hakusema kingine?" Akasema, "Alisema pete yenu iko juu kuliko ya ndoo, kwa hiyo msijidai."

Leo ndiyo Jumamosi. Tumefagia uwanja. Kamba ya ndama niliyoiokota kwao walipohama nimeifua na iko hapa mezani, sijui nitampa vipi. Ketrina anasema mimi nicheze senta leo, maana ndiyo nafasi ya kuomba mpira kila dakika. Sijui kama anakuja kunisamehe au anakuja kucheza tu. Nadhani hata kucheza tu nitapokea.

Lori limepiga honi kule barabarani. Nilitaka nimalize barua kabla, nimechelewa.

Namsikia Bibi uani. Anasema, "Karibuni wanangu, poleni na vumbi. Na Mayala nawe umekuja? Umekuwa mrefu hivi? Mjukuu wangu yumo ndani, anaandika."

Na sauti ninayoijua inasema, "Anaandika? Bibi, huyo ukiingia utakuta ameshaficha."

Wanacheka. Miguu inakuja huku. Si kandambili za Bibi, ni yale malapa ya tairi ya Elizabeti, yanaburuza kidogo upande wa kushoto. Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye gunia la maharage. Nimeurudisha, Kocha. Karatasi iko mezani, wazi, na wino haujakauka. Yuko mlango—